Draiva ya Mwanamke Asiyepepesa

Sisimulii haya ili kumburudisha mtu. Yalitukia dukani kwangu, Ngamiani, Ijumaa, jua likiwa utosini na majirani wamefunga maduka kwa ajili ya sala. Mimi ni Mlutheri, langu nililiacha wazi. Na kanisa langu halikunilea katika kusadiki uvumi wa majini.

Bi Mwanaisha wa Tongoni alikuja kuchapisha picha za kibali cha bintiye, Rukia, cha kuvukia mpaka wa Horohoro. Mtoto alisubiriwa Mombasa kupasuliwa moyo, na basi lingeondoka alasiri ile. Printa ikagoma. Kompyuta ilisisitiza kwamba draiva, yaani programu inayoziwezesha mashine hizo mbili kuelewana, haipatikani. Nikafuta kazi zilizokwama kwenye foleni, nikazima, nikawasha. Wapi! Mtandao nao ulikuwa umekatika.

"Jaribu hii, mjukuu wangu."

Mwanamke alisimama mlangoni, kanga mpya, flashi mkononi. Mjukuu? Kwa sura, mimi ningeweza kumzaa yeye!

"Mama, mbona yule hapepesi macho?" Rukia aliuliza.

"Nyamaza, si adabu."

Mgeni akacheka. "Mwache. Macho yangu yamesahau usingizi."

Nikamuuliza bei. "Sitaki pesa. Changu nitakichukua mwenyewe."

Nikaichomeka flashi, na draiva ilikuwemo. Nilisita. Kompyuta yenyewe iliniuliza kama ninamwamini aliyeitengeneza programu ile. Bi Mwanaisha akanishika mkono. "Kaka'angu, bofya! Basi litatuacha." Nikabofya.

Picha zilitoka safi, ila macho ya Rukia yalikuwa yamefumba. Kwenye kioo cha kompyuta yalikuwa wazi. Kwenye karatasi, mtoto amelala fofofo. Nikageuka. Mgeni hayupo, wala flashi haipo. Bi Mwanaisha akapiga ukelele, akazichoma picha zile uani kabla sijamzuia. Mtandao uliporudi nikaifuta draiva ile, nikapakua iliyo halali, nikachapa nyingine. Wakaliwahi basi.

Moyo wa Rukia ulipona. Lakini tangu siku ile, niamini, hajalala. Hujinyoosha usiku kucha akiitazama dari, hapepesi, na mama yake hukesha akimsomea Kurani. Usingizi wa mtoto ulikuwa kwenye karatasi zile, nasi tuliutia moto.

Wewe unayesoma, ukiulizwa kama unamwamini mtu, usijibu kwa sababu ya haraka. Na akikujia mgeni na msaada usio na bei, mtazame machoni. Ngoja apepese.