Ndege Iliyoinamisha Pua

Harufu ya vumbi linaloungua ndani ya kompyuta kuukuu hunirudisha kijijini kwetu Buganguzi. Juzi mteja aliniletea moja kwenye karakana yangu hapa Bukoba. Nimerudi nyumbani na diploma ya ufundi wa kompyuta niliyoisotea mwenyewe Dar es Salaam, bila mjomba wa kunibeba, na mashine ya kunishinda sijaiona. Ila moja, ndugu zangu, ilinishinda nikiwa na miaka kumi na mmoja.

Tata, yaani baba, aliileta baada ya msimu wa kahawa, pamoja na jostiki, ile fimbo ya kuongozea ndege ya mchezo. Aliapa: atakayeiharibu, akiwa wa humu atachapwa, akiwa wa kuja atarudi kwao.

Kwanza ilibidi jostiki isawazishwe. Ni mimi pekee niliyeweza kusoma maelekezo ya Kiingereza, kamusi mapajani. Sukuma pembe ya juu, bonyeza. Vuta pembe ya chini, bonyeza. Iachie katikati, bonyeza.

Nikiwa hapo katikati, tata akaingia. Kwetu mtoto hamsalimii mkubwa akiwa wima. Nikapiga magoti, "Shumalamu, waitu," kisha nikabonyeza.

Ndege ikaruka, ikainamisha pua, ikagonga ardhi. Mara ya pili, vilevile. Mara ya kumi, vilevile.

Nikamgeukia Koku, binti wa baba mdogo, aliyeletwa kwetu kutoka kisiwani Goziba ili asome. Asubuhi nilikuwa nimemnyima zamu. Mbona mikono kaificha nyuma?

"Umeichezea!"

"Mimi? Si wewe mwenyewe umeivuta!"

"Mwongo! Mchawi wa ziwani!"

Tata alimwamini msomi wake. Jumatatu Koku alipanda boti na madaftari yake, na shule ikaishia hapo.

Chuoni, mwaka wa pili, mkono wangu uliivuta jostiki kidogo nikiisawazisha, ndege ikainamisha pua. Ndipo nikaelewa. Siku ile nilipiga magoti nikiwa bado nimeishika. Mashine ikadhani kule chini nilikoivutia ndiko katikati; kila nilipoiachia, ikasoma kuwa nimeisukuma mbele, na kusukuma mbele ndiko kuinamisha pua.

Nilimfuata Koku mjini Muleba, anakouza dagaa, nikamweleza kitaalamu kabisa. Aliendelea kuchambua dagaa wake.

"Nilikuona," akasema. "Ulipiga magoti hujaiachia. Si nilisema?"

Alisema, kweli. Mtoto aliyeielewa kompyuta ile nyumbani kwetu alikuwa mmoja, na ndiye niliyempandisha boti.