Grisi ya Mjomba

Taa ya injini ilikuwa imewaka tena. Mkunga alizima gari mlangoni mwa gereji, akashuka na mkoba wake wa kazi, akaketi kwenye benchi lililowahi kuwa kiti cha nyuma cha basi dogo. Alikaa kama mtu aliyezoea kungojea mambo yasiyoharakishwa.

Bi Kipimo alimwona kutoka uvunguni mwa gari jingine, akafumba macho. Mgongo ulikuwa ukimuuma tangu asubuhi. Jina hilo alibandikwa na mafundi wenzake kwa dhihaka, kwa kuwa hakubali kulegeza nati kabla ya kupima. Wao walifuata desturi iliyoenea gereji nyingi mno: mashine ya kusoma makosa ikitaja kifaa, kifaa kinang'olewa. Huo ni uvivu uliovaa ovaroli. Mashine huonyesha mlango wa kubisha tu, haitoi hukumu. Lakini anayelipia kubahatisha kwa fundi ni mwenye gari, na fundi haulizwi na mtu.

Gari la mkunga lilikuwa na sensa mbili za oksijeni kwenye bomba la moshi. Moja ilikaa mbele ya masega, kile kichujio cha moshi chenye vitundu kama vya nyuki, na nyingine nyuma yake. Ya mbele huiongoza injini. Ya nyuma ni shahidi: huonja moshi uliokwisha kuchujwa na kueleza kama masega yametimiza wajibu wake. Shahidi huyo alikuwa amebadilishwa mara mbili hapo hapo gerejini, na mara zote mbili alinyamaza tena.

"Sasa nimeshaelewa," alisema Mjomba, mwenye gereji, kaka wa marehemu mama yake Bi Kipimo, aliyemlea na kumfundisha kushika spana. "Masega ndiyo yanayoua sensa. Tunayakata, tunaweka bomba tupu. Halafu Cheche atatuchomea nati ndefu ya kuiinua sensa isiguse moshi. Kompyuta itaona mambo shwari."

"Na moshi wenyewe, Mjomba?"

"Moshi una shida gani? Utakwenda na upepo."

Watu wanakohoa miji mizima kwa sababu ya majibu kama hayo. Bi Kipimo alilijua hilo, na alikuwa amechoka kulisema.

"Niachie nipime kwanza."

"Upime nini tena, mpwa wangu? Sensa mbili zimekufa! Maiti anapimwa homa? Cheche akimaliza lile geti lake, nakata."

Cheche, mchomeleaji wa jirani, aliinua kofia yake ya chuma na kupunga mkono. Geti lilikuwa limebakiza bawaba.

Bi Kipimo aliunganisha mashine, akaacha injini ipate moto. Kwenye kioo, mstari wa sensa ya mbele ulipanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala. Wa nyuma ulikuwa umelala chini kabisa. Alipuliza gesi kidogo kwenye njia ya hewa ya injini, kuzijaribu sensa kwa moshi wenye mafuta mengi. Mstari wa mbele uliruka juu, wa nyuma haukutikisika. Alilipapasa bomba kwa macho na masikio akitafuta tundu, asilione. Akapima joto kabla ya masega na baada yake: nyuma palikuwa na joto zaidi, dalili njema kwamba masega yalikuwa yakifanya kazi. Walikuwa wakitaka kukata kitu kizima.

Alijilaza tena juu ya kipande cha boksi, akafuata waya wa sensa hadi kwenye soketi yake. Alipoifungua, grisi ilifurika vidoleni.

Ilikuwa grisi ya Mjomba. Hapakuwa na gari lililotoka hapo bila kila soketi kushindiliwa grisi, maji yasije yakaingia. Ndiyo iliyokuwa sahihi ya mzee, na wateja waliisifu. Kwa soketi za taa za gari haikuwa na madhara. Lakini sensa ya aina hii hulinganisha moshi na hewa safi, na hewa hiyo huivuta kupitia nafasi nyembamba ndani ya waya wake, kuanzia kwenye soketi. Ukiijaza grisi, umeiziba pua.

Bi Kipimo alibaki chali akitazama kutu. Angeweza kupangusa kimyakimya, taa ikazimika, mzee akabaki na heshima yake. Kisha lingekuja gari jingine, na mwenye gari mwingine wa kulipishwa ujinga usio wake.

"Bi Kipimo, bado tu?" Cheche alikuwa amefika, akiburuta waya wake. "Leo unapima nini, upepo?"

"Ndiyo, upepo," alijibu, asicheke.

Alisafisha soketi kwa dawa, akaipuliza hadi ikakauka, akairudisha. Injini iliwashwa. Mstari wa nyuma ulibaki chini. Mjomba alikwisha kushika chaki na kuchora bomba mahali pa kukata. Bi Kipimo hakubandua macho kwenye kioo. Mstari ulisitasita, ukajiinua taratibu, ukasimama imara mahali pake. Alipopuliza gesi, uliruka. Shahidi alikuwa amefungua kinywa.

Mkunga alikuwa amesogea. "Kumbe ilikuwa nini, fundi?"

"Ni grisi, mama. Ilijazwa kwenye soketi, sensa ikakosa hewa. Huenda hata zile zilizotolewa hazikuwa na kosa."

"Aliijaza nani?"

Bi Kipimo alifuta grisi vidoleni. "Sisi."

"Sisi na nani?" Mjomba alidakia, chaki mkononi. "Wewe mkebe wa grisi uliushika lini? Niliijaza mimi."

Mkunga alimgeukia. "Mzee, mtoto akizaliwa asilie, kwanza naangalia kama njia ya hewa imeziba. Simkimbilii mama yake na kisu." Akachukua mkoba. "Na mlichonitoza bure mtanirudishia."

"Tutarudisha," alisema Mjomba.

Cheche alikunja waya wake, akaondoka bila utani. Mjomba aliketi juu ya ndoo, akafuta chaki kwenye suruali.

"Na taa nazo zinapumua?"

"Taa hapana, Mjomba. Hizo tia tu."

"Afadhali." Akageuka kuyatazama magari yaliyosubiri uani, yote yamepita mikononi mwake. "Na haya?"

"Tutayafungua moja baada ya jingine," alijibu Bi Kipimo, akijilaza juu ya boksi chini ya gari la kwanza.

Mzee aliguna. Alichukua kitambaa, akateremka chini magoti yakilia, akajilaza kando yake.

"Sogea basi," alisema. "Boksi lote umelilalia peke yako."