Pasi si Bido

Kwa fundi wa pasi kule mtaa wa Buyenzi, nilikokuwa nangoja zamu yangu, mama mmoja mfanyakazi wa serikali alitoa pasi ya mvuke kwenye kikapu, kisha blauzi nyeusi yenye madoa meupe.

"Inatema chokaa," alisema. "Na kesho tunazika ndugu yetu kule Kanyosha. Blauzi nyeusi niko nayo hii moja tu."

Fundi, mzee mwenye kofia ya kufuma, aliitikisa pasi karibu na sikio. Maji yakacheza ndani.

"Mama, maji unaacha mu pasi?"

"Ndiyo. Kila siku najaza. Na robine ikikauka, maji nitatoa wapi?"

Fundi aligonga tumbo la pasi kwa kidole. "Pasi si bido ya kuwekea maji, mama. Maji ikilala mule, chokaa inaziba matundu. Ukimaliza kupiga nguo, mwaga ingali na moto."

Akamweleza na dawa yake: siki nusu, maji nusu, uipashe moto, uitoe mvuke juu ya kitambaa kikuukuu mpaka uchafu uishe, halafu uisuuze kwa maji safi. Baada ya hapo akaiinamisha pasi ili amwage yale maji chini.

"Apana!" tulipiga kelele wateja watatu kwa pamoja. Mama alikuwa ameshakinga kikombe cha chai cha fundi. Mimi, nisiyemjua mtu pale, nilijikuta nimenyoosha chupa yangu.

Tangu vita vianze, bomba hutoa maji likipenda. Mama aliyachungulia yale maji kikombeni, yenye magamba meupe ya chokaa, akayamimina kwenye chupa yangu, akaniomba aondoke nayo.

Nilimpa. Fundi akaitilia pasi siki yake, ikapona palepale. Sisi wengine bado.