Mtunzi: Roho Mtakatifu

Mkono ulioandika ni wangu, kwa hiyo nisimsingizie mtu.

Mwaka 2013 nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Kasulu, nimepangiwa huko kutoka Singida, na baada ya vipindi nilifundisha kwaya. Kwenye kwaya yetu kulikuwa na bibi mmoja aliyekimbia Burundi akiwa binti, sasa raia wa Tanzania na mkulima wa maharage. Katika kukimbia huko, mtoto wake wa kwanza alimfia mgongoni. Alimtungia wimbo, na kiitikio chake ni jina la mtoto, basi. Jina hilo silitaji hapa. Limetajwa vya kutosha.

Nilimbembeleza wiki nyingi auimbe kwenye tamasha la kwaya Kibondo. Alikubali kwa shingo upande, kwa sharti kwamba iwe kanisani na iwe mara moja tu. Akaimba, tukamwitikia, watu wakalia. Nami nikajiona mwalimu kweli kweli.

Tulipotoka, mpiga video alinifuata na karatasi. Ilisema tunamruhusu kurekodi, kunakili na kuuza. Sikuisoma hadi mwisho. Wali ulikuwa unapakuliwa na mimi nina njaa. Penye nafasi ya jina la mtunzi niliandika Roho Mtakatifu. Ndivyo tulivyozoea kujibu wanakwaya, maana ukisema umetunga wewe unaonekana unajikweza mbele za Mungu. Nikasaini kwa niaba ya wote, bibi akiwa hatua chache tu kutoka pale, anajifunga kitenge vizuri.

Baada ya miezi michache CD ilikuwa Kasulu nzima. Mwenye kibanda cha video aliupiga wimbo ule kabla ya mpira. Kwenye baa moja karibu na soko waliucheza kwa mabega, wakiitikia jina la marehemu huku wakigonganisha chupa. Bibi alipita hapo akipeleka maharage sokoni. Alikuja kwangu moja kwa moja, hodi hakupiga.

“Mwalimu, umwana wanje, mwanangu, anaitwa na walevi,” alisema. “Mimi sitaki kitu. Waambie wanyamaze.”

Nikampeleka kwa afisa utamaduni. Alikuwa muungwana, akatupa viti na kutueleza kwa utaratibu: wimbo ni mali ya aliyeutunga, na hata sauti ya mwimbaji hairekodiwi ikauzwa bila kuridhia mwenyewe. Nikapata moyo. Kisha akaomba karatasi, akaisoma, akainama kuficha kicheko.

“Aliyeridhia ni wewe. Na mtunzi ni Roho Mtakatifu. Sasa mwalimu, mlalamikaji nimwandike nani?”

“Ni mimi,” bibi akasema. “Nimeutunga mimi.”

“Nakuamini, bibi. Lakini mwalimu wako amekukana kwa maandishi.”

Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Hata hivyo alituandikia barua, tukaipeleka Kibondo. Mpiga video hakubisha. Aliufuta wimbo kwenye kompyuta yake mbele ya macho yetu, na naamini hakuuza tena. Lakini watu walikuwa wameshaanza kurushiana kwenye simu, Buhigwe, Kabanga, mpaka Gwarama. Akatuambia maji yakimwagika hayazoleki. Methali ni rahisi kwa asiyekuwa na kiu.

Bibi aliacha kwaya. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililonichoma. Tulisalimiana kama zamani, na kila alipovuna aliniletea maharage. Nilikwenda hata kwa mwenye baa kumwomba asiupige tena. Akaniuliza kama ninataka na redio azime.

Mwaka uliofuata, Jumamosi moja mchana, nilikuwa nafua uani, povu hadi viwikoni, ninaimba bila kufikiri. Nilipoinua kichwa, bibi alikuwa amesimama na kikapu chake. Jina la mwanawe lilikuwa mdomoni mwangu.

Aliyamimina maharage kwenye ungo, akakikung'uta kikapu, akaondoka. Nilitaka kumkimbilia nimwambie sikukusudia. Nikabaki na shati mkononi, kwa sababu hata wale wa baa hawakukusudia.