Kidonda Hakibadili Mkono

Mzee alistaafu jeshi akiwa tabibu, akarudi nyumbani akiapa kwamba sasa atalala mpaka jua limchome. Wapi! Wiki haikuisha. Jirani mmoja alileta mguu unaonuka, mwingine mkono ulioungua, na sebule ikageuka zahanati: benchi ukutani, sufuria ya kuchemshia mikasi jikoni, bandeji zilizofuliwa zikining'inia kambani pamoja na suruali zake. Malipo yalikuwa asante, na asante zenyewe zilikuja kwa msimu.

Watu waliendelea kumwita Afande, naye aliwapanga foleni kama makuruta. "Lia nikikuumiza, siyo nikikutazama!" alikuwa akimkemea mtu mzima na ndevu zake. Sheria yake ilikuwa moja: aliyefungua kidonda ndiye atakayekifunga mpaka kipone. Kidonda, alisema, hakibadili mkono. Kwa sababu hiyo hakusafiri popote, na hata harusi ya binti yake aliiacha kabla ya chakula, eti kuna mtu benchini. Binti alimkasirikia mno, na mzee akafa hasira ile haijaisha.

Binti huyo, fundi cherehani, alikuja kuzika tu, na kufungasha vitu vya baba pamoja na cherehani yake iliyobaki pale. Mumewe alikuwa amepata kazi mji mwingine, na chumba chenye nafasi ya cherehani. Lakini siku iliyofuata mazishi mama mmoja alipiga hodi na mtoto mwenye kidonda gotini. Yeye aliyemshikia baba karai tangu utotoni, angemfukuzaje? Akafungua bandeji. Hapo ndipo alipokwisha. Goti halijapona, akaja fundi baiskeli na kidole chake. Kidole hakijapona, akaja shemeji wa fundi. Miezi ikayoyoma, cherehani ikiwa imefungwa kamba mlangoni kama mbuzi wa kuuzwa. Kila asubuhi alisikia watu wakikohoa benchini, akatamani kutorokea dirishani.

Mwishowe akagoma kupokea vidonda vipya. Vya zamani vikapona kimoja kimoja, ukabaki mguu wa bibi wa nyumba ya nyuma, mjane asiye na mtoto. Nao ulikuwa unapona vizuri. Akampigia mumewe simu: njoo na gari Jumamosi.

Gari lilikuja. Cherehani ilishapakiwa, mume anapiga honi, binti alipofungua bandeji kwa mara ya mwisho. Kidonda kilikuwa kibichi, kina michirizi ya kucha.

"Bibi, umekikwaruza?"

"Kiliwasha."

"Bibi!"

Bibi akainamisha kichwa. "Nikipona, nani ataniosha miguu? Hakuna mtu anayenigusa, mjukuu wangu. Ni wewe tu. Kabla yako, Afande."

"Baba alijua?"

"Tangu mwanzo. Alinifokea weee, mpaka majirani wakachungulia. Kisha akakifunga. Kila nikikikwaruza, ananifokea, anakifunga."

Binti akalia kwa hasira: hasira kwa kikongwe huyu, hasira kwa marehemu aliyejua mambo haya akanyamaza, hasira kwa mikono yake mwenyewe ambayo tayari ilikuwa inatafuta pamba. Honi ikalia tena, ndefu. Mume akachungulia mlangoni.

"Mke wangu, vipi? Twende."

"Tangulia."

"Mpaka lini?"

Alimwomba bibi anyooshe mguu.