Ng'ombe Walivyompisha Papa

Papa, yaani baba yangu, alijifunza kufunga nyasi ujanani, alipokuwa kibarua kwenye shamba kubwa la mifugo huko milimani, ambako mashine iliviringa nyasi kavu kuwa marobota ya duara. Yeye mashine hakuwa nayo, lakini Kalemie, mji wetu wa wavuvi kando ya ziwa, nyavu kuukuu hazikosekani. Mvua zikiisha alikata nyasi, akazianika, akatandaza wavu chini na kuziviringa pole pole kama mtu anayekunja mkeka, kisha akakaza kwa kamba za wavuvi. Majirani walimtania, eti mzee huyu anavua nyasi. Kiangazi kikishika, wawindaji wakishachoma pori lote kuelekea Niemba, hakuna aliyemtania tena.

Banda la marobota lilikuwa juu ya mteremko, zizi lilikuwa chini, karibu na nyumba. Jioni Papa alisukuma robota moja, likabingirika lenyewe. Ng'ombe walijua mshindo wake. Walijigawa pande mbili, likapita katikati yao na kugota kwenye gogo. Yeye alishuka nyuma yake, akatoa wavu wote kabla hawajatia mdomo, maana ng'ombe akimeza wavu ndio mwisho wake.

Alikufa kwa homa kiangazi kilipoanza, banda likiwa limejaa. Tulimzika, matanga yakaisha, ndugu wakarudi makwao. Mimi ni mshonaji mjini, na nikawa napanda pikipiki baada ya kazi kwenda kumtazama Mama.

Nilikuta amekataza marobota yasiguswe.

"Mwenye alifunga njo atafungua," aliniambia, akimaanisha Papa mwenyewe.

Nilidhani ni uchungu tu, utapoa. Kisha jioni moja nikawaona ng'ombe. Walikusanyika chini ya mteremko, masikio yamesimama, halafu wakajigawa pande mbili. Hakikupita kitu. Lakini vichwa vyao viligeuka pole pole, kutoka juu kuja chini, mpaka kwenye gogo, wote pamoja.

"Unaona?" Mama aliuliza. "Papa yako anashusha."

Mimi si mtu wa mizimu. Nasali, na ulimi wangu ni mkali, waulize wateja wangu. Lakini siku ile niliogopa, na nasema wazi kwamba niliona wivu pia: kama amerudi, mbona mimi simsikii?

Ikawa hivyo kila jioni. Ng'ombe walimpisha, kisha wakalisogelea gogo na kunusa udongo mtupu. Nililipa watu waniletee migomba, nikaikatakata, haikutosha. Aliyeumia zaidi alikuwa jike mmoja mwenye mimba, ambaye Mama alimlea kwa mkono tangu mama yake alipokufa. Mbavu zake zilionekana zote.

"Mama, uyu ngombe atakufa na mutoto wake ndani."

"Papa yako hawezi kumuacha na njaa."

"Papa amekufa."

Alinitazama kama nimemtukana. Shangazi zangu wangesema sikio la kufa halisikii dawa. Ningeweza kupanda mwenyewe na kufungua robota moja, mteremko wenyewe si mrefu. Sikupanda. Niliogopa kumkosea Mama, na zaidi niliogopa kumkuta Papa kule bandani.

Jioni moja upepo wa ziwa ulikuwa umeleta majivu ya pori mpaka kwenye sufuria. Ng'ombe walisimama kama kawaida yao, wakajigawa. Yule jike hakuinuka. Alikuwa amelala katikati ya njia, shingo imenyooka chini, akipumua kwa shida. Wenzake waligeuza vichwa kuelekea juu.

Mama aliacha mwiko. "Atamugonga," alisema, akatoka mbio. Sijawahi kumwona Mama akikimbia vile, kitenge kinamfunguka, yeye hakijali. Alimpita jike, akapanda mteremko huku ameinua mkono mmoja, anamwita Papa asimame, asisukume kwanza, kuna mnyama chini. Aliingia bandani. Nilisimama mahali pangu.

Alikawia. Nilipomwona tena alikuwa anashuka taratibu, amekumbatia nyasi kifuani, nyingi kuliko anavyoweza kubeba, nyingine zinaanguka njiani. Zilikuwa bado na ukijani, na harufu ya wakati wa mvua ilinifikia kabla yake. Alikaa chini kwenye vumbi, akakipakata kichwa cha yule jike, akamtilia nyasi mdomoni kidogo kidogo. Jike alikawia, kisha akaanza kutafuna.

Wale wengine walikuwa bado wamejigawa, wanatazama juu. Mama hakuwatazama.

"Kule juu hakuna muntu," aliniambia. "Nenda ulete ingine."

Nikapanda.