Bunduki Zililala Pakavu

Ninyi tuliokulia pamoja Bwera, mliocheza mpira wa majani makavu ya migomba mpaka ukungu ukashuka ukaficha goli, najua hamjasahau harufu ya grisi. Mimi hata leo nikipita karibu na gereji hapa Kasese huwa naisikia na hasira inanipanda, kana kwamba jambo lile lilitokea jana.

Kabla ya hapo utoto wetu ulikuwa mtamu. Asubuhi tulikula bundu, ugali wa muhogo uliolala, tukauchovya kwenye chumvi, tukaenda shule miguu mitupu huku umande ukituchoma. Siku ya soko, harufu ya samaki wa kukaushwa kutoka Kahendero ilitufuata mpaka darasani, na mwalimu wetu, Baluku, alikuwa akisema, "Akili zenu zirudi kutoka sokoni, miili mmekwisha leta." Darasa letu la tano ndilo lilikuwa zuri kuliko yote. Lilikuwa na bati lisilovuja na sakafu ya simenti. Uzuri huo ndio uliotuponza.

Siku moja liliingia lori la jeshi limejaa makasha ya mbao. Vita vilikuwa vimekwisha, askari wengi wamerudishwa nyumbani, na bunduki zao zilizobaki hazikuwa na pa kukaa. Afande mmoja mwenye sauti ya chini alimwambia mwalimu mkuu kwamba anataka chumba kikavu, siku chache tu. Mwalimu mkuu alijibu, "Ndiyo, afande." Mchana huo tukatolewa nje, ubao ukaegemezwa ukutani, tukakaa juu ya mawe chini ya upenu. Siku chache zikawa muhula.

Kwa kuwa tulikuwa nje, tuliona kila kitu. Askari walifungua makasha uani wakasafisha bunduki moja moja. Wakazipaka grisi nzito ya rangi ya asali, wakazizungushia karatasi ya nta taratibu kama mtu anayemvika mtoto mchanga. Ndani ya kasha mlikuwa na mbao zilizokatwa mapengo, kila bunduki na pengo lake, hii kitako huku, ile kitako kule, ili zisigongane. Kifuniko kikapigwa misumari. Halafu makasha yakapangwa darasani juu ya matofali ili unyevu wa sakafu usiyafikie, na juu yake likatandikwa turubai, ingawa bati halikuvuja.

Sisi hatukuwa na turubai. Mvua ya milimani mnaijua, haianguki wima, inaingia upenuni kwa ubavu. Tuliandika huku madaftari yakilowa. Masika, msichana niliyekaa naye, alikuwa mwembamba, na siku moja alianza kutetemeka mpaka kalamu ikamtoka mkononi. Alipelekwa hospitali, kifua kimejaa.

Mama yangu aliuza vitenge sokoni Mpondwe. Alikuwa mtu wa Butembo, ng'ambo ya mpaka Kongo, Kiswahili chake cha huko hakikumwacha kamwe, na watu walimwita Mama Kavira kwa jina langu. Aliposikia habari za Masika alikuja shuleni na kitambaa chake kichwani, akamkuta afande amekaa mlangoni.

"Afande, bunduki inaogopa mvua?"

"Ndiyo, mama. Inashika kutu."

"Na batoto?"

"Watoto wanakauka," afande akasema, bila kuinua macho.

Mama alinishika mkono tukaenda nyumbani. Jioni alizunguka kwa wanawake wenzake, Wakonzo na Wakongomani, na mama mmoja Mwislamu aliyeuza mchele.

Mvua iliyofuata iliwakuta wote shuleni. Askari wa zamu alikuwa kijana, alisimama mlangoni akasema, "Mama, rudi nyuma. Iko amri."

"Amri iko ya kulinda bunduki," mama akamwambia. "Linda. Sisi tunaweka batoto."

Wakatuingiza. Wakakunja turubai, wakatukalisha juu ya makasha, wengine tukabebana mapajani. Mwalimu Baluku alitazama kidogo, kisha akaenda nje akabeba ubao akauleta. Akaendelea na sehemu alipoishia. Afande alipofika, maji yanamchuruzika, alikuta darasa limejaa na akina mama wamekaa chini mlangoni. Ili afikie makasha ingebidi atushike sisi kwanza, mbele ya mama zetu.

"Mwalimu, endelea," akasema, akaondoka.

Juma hilo hilo lori lilirudi likayahamishia makasha kwenye ghala la kahawa. Masika alirudi muhula uliofuata, lakini kifua hakikupona kabisa. Sasa ana duka la nguo hapa Kasese, na asubuhi ya baridi utasikia kikohozi chake kabla hujamwona. Hakuna mtu wa jeshi wala wa shule aliyewahi kumwambia pole.

Nikiwasimulia wanangu, kijana wangu huuliza, "Mama, mbona hamkupiga picha?" Kwao, jambo lisilo na picha halikutokea.

Mwaka jana upepo uliezua paa la shule yao kule Bulembia. Kwenye kundi la wazazi la simu kila mtu aliandika jinsi alivyoumia, na wengine wakaweka vikaragosi vya machozi. Nikaandika kwamba kesho tukutane ofisini kwa wakubwa wa elimu, tukae mpaka watusikie. Wote waliitikia kwa kidole gumba. Kesho yake nilivaa gambuti nikaenda. Nilikaa kwenye benchi la ofisi mpaka saa sita, peke yangu, simu ikilia mfukoni kwa jumbe za wazazi wakiuliza wakubwa wamesemaje.